Filamu fupi ya kupambana na pepo kwa milioni 3: damu, macho, ngumi na kamera inayokimbia

mkonge_films

Wakuu, salaam. Naomba msaada wa kiufundi, hadithi tayari imekamilika. Filamu ni ya dakika 18: dada wawili na mzee mmoja wanapambana na pepo aliyefunguliwa kisimani, kwenye nyumba ya zamani ya shamba la mkonge huko Muheza. Kuna mapambano matatu, moja nje usiku na mawili ndani.

Vifaa: kamera moja ya mirrorless (fremu 25 na 50 kwa sekunde), lenzi ya 16mm na ya 50mm, taa 2 za LED za wati 60, jenereta ndogo, rekoda na maikrofoni moja ya mpini mrefu. Nyuma ya kamera tuko 5. Bajeti yote ni milioni 3, ila laki 9 tayari ni za chakula na usafiri.

Maswali: damu ya lita kama 10 itengenezwe vipi bila kuagiza kitu nje? Ile picha ya pepo akikimbia chini chini kati ya mkonge, tunaona kwa jicho lake tu na mwili wake hauonekani, inapigwaje bila gimbo (kishikio cha kutuliza kamera)? Macho meupe nifanyeje? Na je, ngumi na mapanga yaonekane ya kweli bila mtu kwenda hospitali? Nafikiria kutenga laki 8 kwa kinyago kimoja kizuri cha pepo. Nishaurini.

damu_bandia

Nianze na damu. Sirapu ya mahindi wanayotumia Wamarekani achana nayo, sukari inatosha. Maji nusu lita, sukari kilo moja, chemsha mpaka iyeyuke yote kisha iache dakika 3 hadi 5. Pembeni koroga kwenye maji baridi kijiko kimoja cha chakula cha wanga wa mahindi, ule wa kuzidishia mchuzi uzito, mimina polepole huku unakoroga, rudisha jikoni dakika moja, epua. Ikipoa weka rangi nyekundu ya chakula vijiko vya chai 3 au 4, halafu tone moja moja la bluu mpaka wekundu upoteze ule ung'avu wa plastiki. Mwisho kakao, kijiko kimoja cha chai, uiyeyushe kwanza kwenye maji ya moto ama sivyo inabaki na madonge. Kakao ndiyo watu wengi wanaisahau: bila hiyo damu inapitisha mwanga na kwenye kamera inakuwa juisi ya rosela. Hapo unapata lita moja na kidogo. Zidisha kwa 9 na mahitaji yako yametimia.

Gawa mara mbili kabla ya kwenda lokesheni. Ile ya nguo na kuta ongeza sabuni ya maji ya vyombo, vijiko vya chakula 2 kwa lita, inateremka vizuri na nguo zinafulika. Ile ya mdomoni isiwekwe sabuni hata tone, chupa yake iwe na alama, ikae kwenye barafu, na ikifika asubuhi imwagwe, kwa joto la huko inachacha. Sisimizi na nzi watakuja tu. Weka ndoo ya maji na matambara karibu, na sakafu ipigwe deki kila baada ya teki (kila mara mnapopiga kipande), damu ya sukari inateleza ikiwa mbichi na inanasa viatu ikianza kukauka.

Ngozi ya waigizaji ipakwe mafuta ya mgando kabla, rangi ya chakula inabaki kwenye kucha na viganja siku mbili tatu na itakuharibia mwendelezo wa picha za kesho yake.

Damu ya mnyama usiiguse. Pale Wakaliga, Kampala, kwenye zile filamu za mapigano za bajeti ya sifuri, waliwahi kutumia damu ya ng'ombe na wakaiacha, wakahamia rangi ya chakula. Damu mbichi inabeba maradhi kama brusela, na ikikaa juani saa moja hakuna mwigizaji atakayelala juu yake.

Jeraha la kupasuka: kondomu yenye mililita 40 za damu, ibandikwe kwa plasta juu ya kipande cha kadibodi kifuani ili ngozi isivutwe. Gundisha kipande cha plasta juu ya kondomu, funga mshipi wa kuvulia kwenye hicho kipande, upitishe kwenye tundu la shati mpaka kwa mtu aliye nje ya fremu. Shati ulisugue kwa msasa upande wa ndani mpaka uzi uachie, lisipolegezwa damu inabaki ndani na nje unaona kitambaa kinatota tu. Mshipi uvutwe kwa mshtuko mmoja, ukielekea kwenye kamera, ndipo unapotea machoni. Baruti ya aina yoyote, hapana.

Ukitaka mchirizi mrefu ukutani, nunua bomba la kunyunyizia dawa shambani la lita 16, lakini liwe jipya kabisa. Lililowahi kuwekwa dawa ya wadudu halioshwi likawa salama. Toa pua ya kunyunyizia, unganisha mpira wa milimita 8, na damu uipunguze uzito kwa maji robo.

lenzi_pana

Hiyo picha ya pepo anayekimbia ina historia nzuri na bei yake ni ya mbao. Mwongozaji Sam Raimi na wenzake walipopiga filamu ya kutisha The Evil Dead msituni Tennessee, Marekani, kuanzia mwisho wa 1979, kwa mkanda wa filamu wa 16mm, walifunga kamera katikati ya ubao, watu wawili wakashika ncha wakakimbia nao. Nguvu inayowinda watu msituni haionyeshwi mwili kabisa, ni ule mwendo tu. Mpaka leo hakuna njia rahisi kuipita.

Kwako: ubao wa inchi 2 kwa 4 wenye urefu wa mita 2, mnyoofu, usio na vifundo. Toboa katikati kabisa, pitisha bolti ya robo inchi (ndiyo saizi ya tundu la chini la kamera) na washa pana (vile vichuma bapa vya duara) pande zote mbili, katikati ya kamera na ubao weka kipande cha mpira wa tairi. Funga pia mkanda wa shingo wa kamera kuzunguka ubao, bolti ikilegea kamera isianguke. Lenzi ya 16mm, kimo cha sentimita 20 kutoka ardhini. Fokasi ya mkono, mita 2, tundu la lenzi f/5.6 kama mwanga unaruhusu.

Kinachofanya kazi ni urefu wa ubao. Mshtuko wa mkono mmoja unaifikia kamera ukiwa nusu, na kamera hailali upande kwa urahisi. Lenzi pana nayo inapunguza mtetemo na kuongeza kasi, majani yaliyo karibu yanapita kama yanarushwa. Ila wale wawili wasikimbie kwa mguu mmoja, mmoja aanze kushoto mwingine kulia. Wakilingana, mdundo wa wote wawili unajumlishwa na picha inaruka ruka kama iliyopigwa juu ya bodaboda mbovu.

Zima utulivu wa ndani ya kamera. Ukiuacha, huo utulivu utapambana na mshtuko wa ghafla na pembe za picha zitachezacheza. Kwenye uhariri ongeza kasi asilimia 115 hadi 125, usizidishe, vinginevyo inageuka vichekesho. Njia ifyekwe mchana. Mkonge ni miiba, ncha za majani zikatwe upande wa wakimbiaji na wote wawili wavae miwani ya kazi na suruali nzito.

Shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga. Umeme wetu ni hezi 50, kwa hiyo fremu 25 na shata 1/50, na ukipiga fremu 50 iwe 1/100. Ukiacha kamera kwenye 30 na 1/60, kila balbu na taa ya mrija itacheza kwenye picha, na hilo halitengenezeki vizuri baadaye.

Usiku wa nje: kwa wati 120 huwezi kuangaza shamba. Piga picha pana zote ndani ya dakika 20 baada ya jua kuzama, waiti balansi (mpangilio wa rangi ya mwanga) kwenye 3200, punguza mwanga stopu moja na nusu, mbingu isiingie kwenye fremu. Picha za karibu ndizo zipigwe giza likiingia, taa moja nyuma ya mwigizaji juu kidogo, nyingine ipige ukuta au shuka jeupe pembeni. Kwa ngozi nyeusi usiongeze mwanga wa mbele, utaua sura yote. Paka gliserini kidogo shavuni na kwenye paji, uache taa ya pembeni iteleze juu ya ngozi. Ung'avu huo ndio unaochora uso gizani.

Nyongeza kwa damu_bandia: chini ya taa ya bluu damu nyekundu inakuwa nyeusi. Ama utengeneze chupa yenye wekundu wa kuelekea chungwa kwa ajili ya picha za bluu, ama kila penye damu pawe na taa ya njano, mshumaa au kibatari kwenye fremu.

pangapanga

Mkuu, laki 8 kwa kinyago ni theluthi nzuri ya pesa iliyobaki kwa kitu ambacho ukikionyesha zaidi ya sekunde 3 kitaanza kuchekwa. Siungi mkono. Laki 2 zinatosha: mkono mmoja wa lateksi wenye kucha, na nusu ya uso. Zinazobaki zipeleke kwenye sauti na usiku mmoja wa ziada wa kupiga. Pambano ndilo linalokula muda. Watu 5 nyuma ya kamera wasitegemee zaidi ya mikao 15 au 20 ya kamera kwa usiku mmoja, na dakika moja ya pambano lililokatwa vizuri inataka vipande 25 hadi 40. Hesabu mwenyewe.

Kabla ya ngumi ya kwanza, amua pepo huyu anaumizwa na nini na hawezi kufanya nini. Kama haumizwi na panga, basi panga lipite na tuone halijafanya kitu, mapema, pambano la kwanza. Kama anazuiwa na maji ya kisima alikotoka, mapambano yote yawe ni mbio za kuyafikia maji. Filamu nyingi za namna hii zinakufa hapa: shujaa anapiga, pepo anaanguka, anainuka, anapigwa tena, na mtazamaji hajui kwa nini mara ya nne imefanya kazi.

Ngumi. Mpigaji, mpigwaji na kamera wakae karibu kwenye mstari mmoja, kamera nyuma ya bega la mmojawapo, lenzi ya 50mm. Ngumi ipite sentimita 20 mbele ya pua, ikivuka uso kutoka upande hadi upande. Ngumi inayopigwa picha kutoka ubavuni ndiyo inayoonyesha pengo. Anayeongoza ni mpigwaji: anamtazama mwenzake machoni, anakubali kwa kichwa, ndipo ngumi inatoka. Kichwa kigeuke wakati ngumi inapita. Wengi hugeuka kabla. Zoezi kwa mwendo wa robo mara 5, nusu mara 5, kisha robo tatu, na upigie hapo hapo kwenye robo tatu. Kasi ya ziada iachie kompyuta, asilimia 110 inatosha.

Mapanga ya kweli yabaki nyumbani, hata yaliyo butu. Kata umbo la panga kwenye mkeka wa mazoezi wenye unene wa milimita 10, gundisha katikati kijiti cha mwanzi, paka gundi nyeupe mara tatu ili vitundu vizibe, kisha rangi ya fedha na ukingo wa kijivu cheusi. Panga halisi lipigwe picha moja ya karibu likichomolewa, hakuna mtu mita 2, basi. Sauti ya chuma itashawishi zilizobaki.

Mwendo wa pepo ni bure kabisa: mwigizaji atembee kinyumenyume, upige, kisha kwenye uhariri uigeuze ichezwe kinyume. Uzito unahama kwenye mguu usiotarajiwa na jicho la mtazamaji linakataa bila kujua sababu. Mwanzo wa kitendo uwe mwisho wake, kwa hiyo aanze pale anapotakiwa kufika. Angalia vinavyomsaliti: vumbi linarudi ardhini, moshi unaingia kwenye chetezo, kanga inajikunja kabla ya upepo. Pigia mahali pasipo vumbi, au uache kimoja tu kati ya hivyo kwa makusudi.

Na chupa za sukari za kuvunja kichwani usihangaike nazo. Sukari vikombe 2, maji kimoja, sirapu nusu, joto lifike nyuzi 150, sawa, lakini kwa unyevu wa ukanda huo zinanata ndani ya saa chache na hazipasuki, zinapinda. Vunja chungu chembamba kilichokatwa msumeno kwa ndani, kwenye ukuta, si kichwani.

mkonge_films

Asanteni sana, kinyago kimeondoka kwenye bajeti. Bado macho. Kuna duka linauza lenzi nyeupe za kuvaa machoni kwa bei ya chini, saizi moja kwa wote. Na jelatini kwa ajili ya makovu je, inafaa? Pia nilitaka moto kwenye pambano la mwisho na pepo akimwinua dada mdogo hewani.

damu_bandia

Lenzi za saizi moja, usinunue. Lenzi ya jicho inapimwa na mtaalamu wa macho, ikiwa na ukingo usiolingana inakwangua kioo cha jicho, na kwenye vumbi la nyumba mbovu maambukizi ni suala la siku. Hata kwenye ile The Evil Dead lenzi zilikuwa nene, zinafunika jicho zima, waigizaji hawaoni na ziliweza kukaa takriban dakika 15 tu. Hebu fikiria pambano na mtu asiyeona.

Badala yake njia mbili. Kwa picha ya mbali au ya kati isiyozidi sekunde 2, chora macho juu ya kope zilizofungwa kwa rangi ya uso, nyeupe iliyochanganywa na njano kidogo, nukta ndogo katikati. Hayapepesi na hayaangalii popote, yanatisha kuliko lenzi. Kwa picha ya karibu, tumia programu ya uhariri ya DaVinci Resolve, ile ya bure: duara laini juu ya kila mboni, lifuatishe jicho, shusha rangi yote, inua mwanga. Mwigizaji asipepese na asitikise kichwa haraka, na nywele au vidole visipite mbele ya jicho, hapo ndipo ufuatishaji unapopotea.

Jelatini kwa pwani hapana, labda kwa picha ya dakika 20 asubuhi na mapema. Gliserini, jelatini na maji kwa ujazo sawa zinatoa ngozi nzuri sana, lakini joto na jasho zinailegeza ukingoni kabla taa hazijawashwa. Tumia lateksi na tishu: tabaka jembamba, kipande cha tishu kilichochanwa kwa mkono (kikikatwa na mkasi ukingo unaonekana), tabaka tena, kausha, mpaka tabaka 4. Ipimwe kwanza ndani ya kiwiko siku moja kabla, wapo wanaovimba kwa lateksi. Nyusi zipakwe mafuta mengi au zisiguswe. Rangi ya jeraha kwenye ngozi nyeusi ianze na zambarau na nyekundu ya kahawia, nyeupe iwe ya mwisho na kidogo mno, ikizidi inakuwa chokaa.

sikio_la_usiku

Mmeacha kilicho muhimu. Pepo asiyeonekana anaishi kwenye sauti, na katika filamu ya kutisha The Exorcist ya 1973 sauti ya pepo iliigizwa na mtu mwingine kabisa, Mercedes McCambridge, haikuwa ya mtoto mwigizaji. Fanyeni hivyo. Tafuteni mama mtu mzima mwenye koo kavu, arekodiwe chumbani kwenye magodoro, sentimita 15 kutoka kwenye maikrofoni. Tabaka la kwanza libaki kama lilivyo, la pili lishushwe semitoni 4, la tatu ni pumzi tupu iliyogeuzwa nyuma. Mkishusha zaidi ya 5 au 6 maneno yanazama, na mtazamaji akiuliza "amesema nini?" hofu imekwisha.

Mapigo: mkanda wa ngozi ukipiga koti lililokunjwa kwa ngumi, mabua makavu ya mahindi kwa mfupa, kitambaa kilicholowa kikisokotwa kwa nyama. Kila pigo tabaka 2 au 3, na liingie fremu moja kabla ya mguso. Kabla ya pigo kubwa kuliko yote, kata kila sauti kwa fremu 6 hadi 10, hata wadudu.

Wadudu ndio adui wenu mwingine. Vyura na nyenje wa usiku wanabadilika kila dakika, mkikata picha mazingira yataruka. Rekodini dakika 3 za mahali penyewe bila mtu kusema, jenereta imezimwa, kila usiku na kila chumba. Jenereta ikae mita 40 nyuma ya ukuta, waya uwe wa milimita 2.5 za mraba, mwembamba mno ukiwekewa mzigo mkubwa unapata moto na volti zinashuka.

lenzi_pana

Moto: hakuna petroli wala mafuta ya taa ndani ya jengo, hata "kidogo". Moto halisi upigwe peke yake nje usiku mbele ya giza tupu, sufuria ya mchanga na vipande vya kuni, kamera mita 3, shata 1/100, kisha uwekwe juu ya picha kwa mchanganyo wa Screen, giza linatoweka lenyewe. Siku ya kupiga waigizaji, funika taa moja kwa karatasi ya rangi ya chungwa, mtu apunge tawi la majani mbele yake bila mpangilio. Bila huo mwanga unaocheza usoni, moto wa kubandika hausadikiki.

Kuinuliwa: kamera kwenye tripodi, isiguswe. Dada alale juu ya stuli mbili, moja chini ya mabega, nyingine chini ya mapaja, nguo ndefu ianguke pembeni. Piga. Ondoa dada na stuli, piga sekunde 20 za chumba kitupu, ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga), fokasi na waiti balansi zikiwa zimefungwa. Kwenye uhariri futa stuli kwa kuonyesha chumba kitupu mahali pake. Kosa la kawaida ni kufuta stuli na kuacha kivuli chake sakafuni. La pili ni nguo kushikwa chini ya mgongo, ikaonyesha umbo la stuli. Kamba ya kumning'iniza mtu sahau kabisa bila vifaa na mtu wa kazi hiyo.

pangapanga

Dogo la mwisho. Kibali cha Bodi ya Filamu kishughulikieni mapema, na mbali na hicho nendeni kwa mwenyekiti wa kijiji na kituo cha polisi cha karibu mkiwa na tarehe, saa na idadi ya watu. Watu wenye damu wakikimbizana na mapanga usiku karibu na makazi, wanakijiji hawatauliza kamera iko wapi. Wekeni mtu mmoja barabarani mwenye tochi na kizibao cha kung'aa, kazi yake iwe ni kueleza wapita njia tu. Kama daraja la umri linawasumbua, pepo atoke damu nyeusi au ya kijani: mwaka 1987, kwenye Evil Dead II, Raimi alibadilisha rangi za damu akijaribu kukwepa daraja la X (la watu wazima tu). Kakao vijiko 3 na rangi ya kijani badala ya nyekundu, sukari ile ile.